Fundi wa Kikombe Kimoja

Mtaani kwetu Shela, Malindi, mafundi hawajapungua. Yuko wa friji, yuko wa simu, yuko wa pikipiki ambaye pia ni wa redio. Lakini ukisema "Fundi" ukanyamaza, kila mtu alijua unamsema yule mzee wa karakana iliyopakana na kibanda changu cha viazi karai. Alitengeneza mashine za kahawa za mahoteli na za majumba ya Wataliano kule ufuoni, na yeye mwenyewe kahawa haikumpita kooni kwa hiari. Mungu amrehemu. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, na miaka yote hiyo alinilalamikia moshi wangu kila siku, na viazi vyangu akavila kila siku.

Hakuwa mnyenyekevu. Watu wakifa husingiziwa upole, kwa hivyo naliweka hili wazi mapema. Alijisifu asubuhi, akapumzika adhuhuri kwa ajili ya swala, kisha akaendelea. Akimaliza kutengeneza mashine alikusanya wapita njia waje waone inavyofuka mvuke, na asiyeshangaa hakupewa kiti. Mara nyingi alikuwa na haki ya kujisifu. Mara nyingine mashine ilirudi kesho yake, naye akaipokea kwa uso uleule, akasema imekuja kumsalimia.

Nyumbani kwake mfereji ulivuja tangu nimjue. Mlango wa mbele ulijibamiza kwa kishindo mpaka paka wa mtaa waliacha kushtuka. Bi Mkubwa, ndiye mkewe, alikuwa akisema kwamba mumewe hutengeneza kila kitu isipokuwa kilicho chake. Aliyasema hayo mbele yake, kwa sauti ya mtu anayesifu, na Fundi aliyapokea kama sifa.

Mteja akileta mashine, Fundi hakuuliza imeharibika nini. Aliuliza inakaa wapi, inapigwa na upepo wa bahari au la, nani huishika asubuhi, na maji yake yanatoka wapi. Maji ya visima vya huku kwetu yana chumvi na chokaa. Yakichemka huacha gamba jeupe ndani ya hita, na gamba hilo lilimlisha Fundi kuliko uhodari wake. Akimwona mtu anaipiga mashine kofi ili ifanye kazi, alimshika mkono. "Usiipige," alimwambia. "Iulize." Kulikuwa na mashine moja kongwe ya mkono wa chuma, imetoka katika mkahawa uliofungwa, ambayo ilifika mjini kabla yeye hajaanza kazi. Hiyo aliiamkia shikamoo kila akifungua karakana. Nilimwuliza kama huwa inaitikia.

"Kwa umri wake," alinijibu, "si lazima."

Mashine za vidonge zilipoingia Malindi alizichukia kwa muda, kisha akazipenda. Ya kwanza ililetwa na mzee mmoja wa Kitaliano aliyeishi peke yake katika nyumba ya vyumba vingi. Ilikuwa nyeusi, ndogo, haizidi sufuria ya wali wa watu wawili. Unatia kidonge, yaani kikopo kidogo cha alumini chenye unga wa kahawa ndani. Unashusha mkono, sindano zinakitoboa, pampu inasukuma maji ya moto kwa presha kubwa, na kikombe kinajaa kabla hujamaliza kupiga chafya. Fundi aliifungua yote mezani, akaniita.

"Mama Viazi, hebu njoo uone. Mtu kakaa chini, kafikiri, katengeneza mashine ya kikombe kimoja."

"Na mgeni akija?"

"N'shamwuliza mwenyewe. Asema akija mgeni atabonyeza tena."

"Na wakija kumi?"

Fundi alikigeuzageuza kile kikopo kitupu. "Hii," alisema, "imetengenezewa mtu asiyetarajia mgeni."

Alisema kwa huruma kweli. Mashine ile aliisafisha kuliko zote nilizopata kumwona akisafisha, akampelekea mwenyewe kwa mkono wake, na nasikia alikaa naye mpaka alasiri, Mtaliano akibonyeza na kunywa, Fundi akinywa maji ya moto.

Sasa nieleze hili la kutopenda kahawa. Kila alfajiri, Fundi akirudi kutoka msikitini, Bi Mkubwa alimpa finjani ya kahawa chungu. Kahawa aliitwanga mwenyewe, akaichemsha taratibu na tangawizi kavu na hiliki, nyeusi tititi, haina hata chembe ya sukari. Alifanya hivyo tangu walipooana. Alisimama mpaka mumewe amalize, ndipo akaenda kunywa yake. Sikupata kuwasikia wakisabahiana kwa maneno, kwa sababu finjani ile ndiyo iliyokuwa sabalkheri yao. Fundi aliinywa yote, akasema, "Ahsante, Bibi. Leo imekolea," kisha akaja karakana mbio, akaniomba chai ya maziwa yenye sukari ya kumpa daktari kazi, na funda la kwanza akalisukutua kinywani kabla ya kulimeza.

"Huipendi ile kahawa," nilimwambia siku moja.

"Siipendi hata harufu."

"Na ndiyo kazi yako."

"Kwani mchimba kaburi hupenda kaburi?"

"Basi si umwambie mkeo."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Nimwambie lini? Mwaka wa kwanza nalikuwa na haya. Mwaka wa pili ingekuwa nimemdanganya mwaka mzima. Sasa tuna wajukuu, Mama Viazi. Nimwambie nini sasa?"

Akaniapisha nisiseme. Niliapa, na mpaka leo sijamwambia Bi Mkubwa hata neno. Hilo mlikumbuke tutakapofika mwisho.

Alikuwa na mambo mengine ya ajabu. Hakuazima vifaa wala hakuazimisha, ila bisibisi yake moja ndogo aliwahi kumpa mtu asiyemjua kabisa, kwa sababu alimpenda alivyoishika. Alizungumza Kitaliano cha kutosha kugombana, lakini cha kupatana hakuwa nacho, na akitaka kupatana alitabasamu tu. Aliogopa lifti. Aliamini mashine inayovuja wakati inatazamwa ina adabu kuliko inayovuja mtu akiondoka. Kwenye matanga alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na huko nako alipewa kahawa, akainywa, akaitikia dua, akaja kwangu kusukutua.

Kisha Bi Mkubwa akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa. Mguu ulirudi kidogo kidogo, na ulimi Mungu alimbakishia wote. Aliporudi kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja jikoni, akainua birika kwa mkono wa kushoto, na kahawa ikammwagikia pajani. Binti yao, ambaye ni nesi Kilifi, alikuja siku hiyohiyo. Ni mtoto mwema, na wema wake hauna mlango wa kutokea. Aliweka mfanyakazi wa kupika, akamwambia mamake asisogelee moto, na akamwambia babake, nikiwa nimesimama pale na sahani ya viazi, "Baba, akiungua tena mara moja tu, namchukua nikae naye kwangu. Sitaki kuja kumzika kwa sababu ya kahawa."

Bi Mkubwa hakutaka kwenda Kilifi. Nyumba ile ilikuwa yake, jiko lake, uani mna mti wa mkungu aliopanda mwenyewe, na alikuwa amesema kwa miaka kwamba hapo atatolewa akiwa amelala. Lakini mkono haukusikia.

Ukiliangalia jambo lenyewe, Fundi alikuwa amefunguliwa. Mfanyakazi alimpikia chai ya maziwa asubuhi, tamu, ya moto, hana wa kumwambia ahsante imekolea. Nilimtarajia anone. Badala yake alikuja karakana akakaa mbele ya mashine zake bila kushika hata moja.

"Asubuhi hasemi," aliniambia. "Akaa palepale jikoni, autazama ule mkono. N'kiingia ainamisha kichwa kama mwenye deni."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilisema moshi wangu leo umezidi, naye akakubali kwamba ni moshi.

"Ntamtengenezea mashine," akasema. "Ya kikombe kimoja. Ya mkono wa kushoto."

Tatizo la kwanza lilikuwa mwonjaji. Yeye hakuweza kupambanua kahawa nzuri na mbaya, zote kwake zilikuwa adhabu. Kazi hiyo ikaniangukia mimi, na kwa miezi kadhaa sikulala vizuri na moyo ulikuwa ukinidunda kama wa bibi harusi.

Alianza na mashine ya vidonge iliyokufa, akaifufua. Akachukua kidonge kilichotumika, akakijaza kahawa ya Bi Mkubwa na tangawizi, akakiziba upya. Tangawizi ina nyuzi. Nyuzi zikaziba tundu la sindano, pampu ikaendelea kusukuma, na kidonge kikapasuka. Dari la karakana lina doa mpaka leo. Fundi alijipangusa uso kwa kanzu. "Presha iko," alisema.

Akaacha vidonge. Akaenda kwa fundi wa kukereza vyuma, akakerezewa kikombe kidogo cha chuma kisichoshika kutu, akakitia chujio la chai chini, ili kijazwe, kioshwe, kijazwe tena. Kahawa ikatoka vizuri, yenye povu juu kama zinavyotoka za hotelini. Tulimpelekea Bi Mkubwa. Aliinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akaturudishia.

"Mumeiosha na sabuni?"

"Hilo povu ndilo wanalolipenda wenyewe," Fundi alisema.

"Wape wenyewe. Na hiki kidude cha kubonyeza nacho kiondoe. Kubonyeza si kupika."

Kwa hiyo tulijua mambo mawili. Mashine isiwe na kitufe, iwe na mkono wa kushusha, ili mpikaji awe amepika. Na isifanye haraka, maana kahawa yetu hutaka kukaa na maji ya moto mpaka wazoeane. Stima nayo ilituongezea la tatu: ilipotea finjani ikiwa nusu, isirudi mpaka Ijumaa.

Fundi akatengeneza mkono wa chuma wenye springi ya pikipiki. Springi ya pikipiki imeumbwa kubeba watu watatu na gunia. Mkono ulishuka kwa shida, ukarudi kwa hasira, na finjani iliruka ikatua ndani ya karai langu. Niliwauzia watu viazi vya kahawa siku hiyo, na mmoja alirudi akaulizia tena.

Dawa aliipata mlangoni. Aliitwa hoteli moja kule Watamu, akawekwa angoje ofisini, na mlango wa ofisi ile ukajifunga wenyewe nyuma yake, taratibu, bila kishindo. Akaufungua tena. Ukajifunga. Alifanya hivyo mpaka askari wa zamu akaja kumwuliza kama anaingia au anatoka. Juu ya milango ile mna kichuma cha kuifunga: ndani yake mna springi ya kuuvuta mlango na mafuta ya kuuzuia, mafuta yanapita katika tundu dogo, basi mlango hauwezi kukimbia hata ukitaka. Aliomba kimoja kibovu. Alirudi amekipakata.

Hicho ndicho kilichokuwa moyo wa mashine. Bi Mkubwa atashusha mkono kwa kushoto na kuuachia. Mkono utapanda wenyewe polepole, na kadiri unavyopanda maji yanapita katika kahawa bila papara. Maji yalikaa katika tangi dogo lililofungwa ukutani, likajazwa maji ya mvua ili gamba lisiingie, na Fundi akalizungushia makumbi ya nazi, ili stima ikipotea maji yabaki moto. Hapakuwa tena na birika la kuinua. Na chini aliweka kibao cha kuwekea finjani: finjani isipokuwepo, mkono haushuki. Kitu hicho alikionea fahari kuliko chote, na mtaa mzima ulikuja kuonyeshwa mkono unaokataa.

Lakini mkono upande kwa mwendo gani? Kahawa ya haraka ni maji, ya kuchelewa ni lami. Siku moja niliwapelekea viazi asubuhi, nikamkuta Fundi amekaa nyuma ya pazia, bisibisi mkononi, mashine mapajani. Upande wa pili Bi Mkubwa alikuwa juu ya mswala akisoma uradi wake. Fundi aliniashiria ninyamaze. Alikuwa anapima. Kahawa ya mkewe siku zote ilichemka kwa urefu wa uradi ule, wala hakuwa na saa nyingine. Akashusha, akasikiliza, akakaza skrubu ya mafuta kidogo, akashusha tena. Mkono ulipofika juu pamoja na "amina", alilia waziwazi na hakusingizia moshi.

Binti alikuja Jumapili kutoka Kilifi. Alikuja na begi tupu, na wote tulijua ni la nini. Alisema atatazama mara moja, kwa heshima ya babake. Tulikaa jikoni: Fundi juu ya kigoda, binti mlangoni, mimi na sahani yangu. Bi Mkubwa akatia kahawa kwa kushoto, akatia tangawizi na hiliki, akafunga kikombe cha chuma ndani ya tundu lake, akaweka finjani na kisahani chake juu ya kibao. Akashusha mkono. Ukaanza kupanda. Midomo yake ikawa inasoma. Stima ikapotea katikati, na hakuna aliyeshughulika nayo. Finjani ikajaa. Hakuna tone lililomgusa.

Binti alikuwa ameanza kutabasamu. Lakini Bi Mkubwa alisimama tu, anaitazama finjani, haichukui.

"Mama, kumekwama nini?"

"Hakujakwama kitu."

"Basi mpe Baba."

"Simpi mume wangu kahawa kwa mkono wa kushoto."

Nilimtazama Fundi. Alikuwa amefikiria presha, chokaa, stima, nyuzi za tangawizi, kila kitu. Hili, ambalo kila mtoto wa mtaa huu hufunzwa kabla ya kutembea, lilikuwa limempita. Binti alisema kwa upole, "Mama, utaona haya mpaka lini? Mungu anajua una udhuru," na mkono wake ulikuwa tayari umeshika begi.

Bi Mkubwa akaushika mkono wake uliokufa kwa ule mzima, akauinua, akaulaza juu ya ukingo wa finjani. Kisha kwa kushoto akakishika kisahani kwa chini. Akageuka. Alimpelekea mumewe hivyo, kwa mikono miwili, hatua ndogo ndogo, na nusu ya kahawa ikamwagika kisahanini. Fundi alisimama kuipokea. Akanywa iliyo katika finjani. Kisha akainua kisahani, akanywa na ile iliyomwagika, mpaka tone la mwisho, mashapo na yote.

"Ahsante, Bibi," alisema. "Leo imekolea."

Binti alirudi Kilifi jioni ile. Begi lilikuwa na viazi vyangu.

Wiki iliyofuata Fundi alitengeneza mkono wa shaba wa kuzunguka, uchukue finjani uilete wenyewe mpaka mbele ya mnywaji. Ulikuwa kitu kizuri sana. Bi Mkubwa aliutazama ukizunguka, akaanika taulo juu yake.

Mara yangu ya mwisho kuwaona pamoja nilikuwa nimeshahamia Matsangoni kwa mwanangu. Nilipata lifti ya gari mapema, nikabisha kwao jua linachomoza. Mlango ulijifunga nyuma yangu bila kishindo, na nilishangaa zaidi ya vile ningeshangaa kama ungenisalimia. Fundi alikuwa juu ya kitanda cha kamba, miguu imevimba, sauti imepungua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Viazi. Umekuja na chai?"

Sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingempa. Daktari alikuwa amempiga marufuku sukari, na maziwa akaambiwa ayapunguze. Katika vyote alivyopata kunywa duniani, kilichobaki halali kwake kilikuwa kahawa chungu. Aliniambia hayo kwa uso mkavu kabisa, kama anayesoma taarifa ya mtu mwingine.

Bi Mkubwa aliingia na finjani, mkono mfu juu, mzima chini. Fundi alifumba macho, akanywa, akashukuru, akasema imekolea. Nilimfuata Bi Mkubwa jikoni kumsaidia kuosha. Hakuniruhusu kuosha. Aliegemea mashine akanitazama.

"Alikuapisha, sio?"

Nilijifanya nafuta meza. Niliapa.

"Yamchukiza," alisema. "N'lijua tangu siku ya kwanza. Mtu hanywi akipendacho huku kafumba macho."

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie lini? Mwaka wa kwanza n'limngoja aseme mwenyewe. Mwaka wa pili nikaona, kumbe huyu atainywa tu kwa sababu nimeipika mimi." Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya ule mkono wa chuma, ambao ulikuwa umeng'aa mahali anaposhika. "Nilipougua nikasema, basi, mwanamume kapumzika. Naye akenda akaniundia hiki."

Alitia kahawa upya, akatia tangawizi, akaweka finjani juu ya kibao, akashusha. Nilimwuliza hiyo ni ya nani, maana mimi alishanipa.

"Yake," alisema. "Leo kaamka vibaya. Anywe mbili."

Tulingoja mkono upande. Kisha akaulaza mkono wake mfu juu ya ukingo, akashika kisahani kwa chini, akaenda. Nilibaki jikoni nikasikiliza. Kitanda kililia, mtu akijikongoja kukaa sawasawa. Kukawa kimya kwa muda wa finjani nzima.

"Ahsante, Bibi," Fundi alisema. "Hii imekolea kuliko ile."